Mshale wa joto unapodanganya katika Datsun 240Z

Kwa wapenzi wa mbio za magari nchini, Datsun 240Z ni gari lisilohitaji kutambulishwa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walilitumia kutwaa ushindi wa Safari Rally mnamo 1971, naye Shekhar Mehta, akishirikiana na Lofty Drews, akarudia ufanisi huo mwaka wa 1973. Magari ya aina hiyo yaliyosalia yana umri wa zaidi ya nusu karne, na vipimo vya dashibodi ni miongoni mwa vitu vinavyowasumbua wenyewe.

Cha kutiliwa maanani zaidi ni kipimo cha joto. Injini ya gari hilo, yenye silinda sita, ina kichwa cha aluminiamu kilichofungwa juu ya bloku ya chuma. Ikichemka kupita kiasi, kichwa hicho hujipinda na gasketi kuungua. Dereva anayepuuza mshale kwa kudhani umeharibika huenda akalipa kwa injini nzima.

Utendakazi wake si wa ajabu. Kihisi kilichofungwa karibu na themostati hupunguza ukinzani wake kadiri maji yanavyopata joto. Umeme huzidi kupita na kupasha moto kipande chembamba cha metali mbili ndani ya kipimo, nacho kikijipinda huusukuma mshale. Ndiyo sababu mshale huo hupanda polepole, na hiyo si kasoro.

Kabla ya kushika spana, fundi autazame mshale wa petroli ulio kando. Vipimo hivyo viwili hulishwa umeme uliopunguzwa na kidhibiti kimoja. Vikipotoka kwa pamoja, kidhibiti, fyuzi au viungo vya waya ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Si haba walionunua kihisi kipya bure bilashi.

Ikiwa ni cha joto pekee, injini iachwe ipoe, swichi iwashwe bila kuingurumisha, na waya uchomolewe kwenye kihisi. Mshale unapaswa kulala upande wa baridi. Ukisalia juu, huenda waya umechubuka na unagusa bodi. Kisha ncha ya waya iguswe kwenye chuma safi cha injini kwa muda mfupi, na kuondolewa kabla mshale haujafika mwisho. Ukipanda, kipimo na waya ni vizima, na kihisi ndicho cha kushukiwa. Usipotikisika, ama waya umekatika ama kipimo kimekufa.

Jaribio hili kamwe lisifanyiwe kipimo cha ampea. Mkondo mkubwa wa umeme wa gari hupitia humo, na kuugusisha kwenye bodi kunaweza kuteketeza nyaya zote.

Kihisi kipya nacho kina mtego wake. Hupata mguso wa bodi kupitia nyuzi zake za skrubu, hivyo fundi anayezizungushia utepe mweupe wa mabomba kwa wingi huukata mguso huo, na mshale hubaki chini hata maji yakitokota.

Kuna hali moja ambayo haihitaji jaribio lolote. Mshale uliokuwa umepanda ukiporomoka ghafla gari likiwa mwendoni, huenda maji yamekwisha na kihisi kimebaki hewani. Gari lisimamishwe papo hapo, injini izimwe, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe hadi kipoe.