Uthabiti kama Ahadi: Historia ya Distro za Linux kwenye Seva

Katika historia ya Linux, neno uthabiti limebadilika maana zaidi ya mara moja, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini kuchagua mfumo wa kuendeshea seva kumekuwa jambo zito. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, yaani ile sehemu inayosimamia kichakataji, kumbukumbu na vifaa vya kompyuta, hakuwa ametoa mfumo kamili. Kiini kilihitaji kukusanyiwa programu nyingine mamia kwa mamia, zipatane na zisasishwe kwa pamoja, na mkusanyo wa aina hiyo ndio uitwao distro.

Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mradi wa watu wa kujitolea ambao hatimaye uligawanya kazi yake katika matawi matatu: programu mpya huingia kwanza katika tawi lisilo thabiti, huhamia katika tawi la majaribio isipoonekana kuwa na kasoro kubwa, kisha tawi hilo husimamishwa na kusafishwa hadi litangazwe kuwa thabiti. Kuanzia hapo matoleo ya programu hayabadilishwi. Tundu la usalama likigunduliwa, kiraka chake hutiwa katika toleo lile lile la zamani, ili seva isipate tabia mpya ambayo mwendeshaji wake hakuitarajia. Kwa maana hii, kitu thabiti si kile kisicho na kasoro, bali ni kile ambacho kasoro zake zinajulikana na hazizuki nyingine kila wiki. Subira hiyo ilikuwa na gharama, kwani kati ya toleo la Julai 2002 na lililofuata Juni 2005 ilipita takriban miaka mitatu.

Wakati huohuo kampuni ya Red Hat iliufanya uthabiti kuwa bidhaa: mwaka 2002 ilitoa mfumo wa kulipia uliolenga mashirika, na mwaka uliofuata ikatoa toleo la mwisho la mfumo wake wa bure. Waliohitaji mfumo ule wa kulipia bila mkataba walipata CentOS mwaka 2004, iliyojengwa upya kutokana na msimbo uleule. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka huohuo na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na yenye jina lililo ndugu wa neno utu, iliahidi mwaka 2006 kuihudumia seva kwa miaka 5.

Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021, na warithi wake, Rocky Linux na AlmaLinux, wakatoka mwaka 2021. Programu zenyewe hazikuwa zimeharibika. Kilichovunjika ni ahadi. Hata Debian, isiyo na mwenye mali, ilipoanza mwaka 2014 kurefusha huduma ya matoleo yake hadi miaka 5, ilitegemea kwa sehemu kubwa fedha za mashirika yaliyoyatumia. Kwa hiyo anayechagua distro ya seva huchagua pia aliyeahidi kuitunza, muda wa ahadi hiyo na mfuko unaoilipia.