Upasuaji wa tumbo: kwa nini wa dharura huambatana na maambukizi zaidi

Mgonjwa anayepasuliwa tumbo kwa dharura hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi kuliko yule aliyepangiwa upasuaji mapema. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Rwanda na katika nchi nyingine sita umeonyesha kuwa hatari hiyo inaweza kupunguzwa kwa hatua nyepesi.

Tofauti hiyo hutokana na hali ya tumbo na muda wa maandalizi. Upasuaji wa ngiri uliopangwa, kwa kawaida, hufanyika mahali pasipo na vijidudu vingi. Daktari hupata nafasi ya kudhibiti kisukari, kutibu upungufu wa damu na kumshauri mgonjwa aache sigara. Katika dharura, kama vile kidole tumbo kilichopasuka au utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, uchafu wa utumbo au usaha huwa umekwisha kumwagika ndani ya tumbo kabla kisu hakijagusa ngozi. Kila saa inayopita huongeza madhara.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la The Lancet, ulihusisha pia Benin, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, India na Mexico. Wagonjwa zaidi ya 13,000 katika hospitali 81 walishiriki, wa dharura na waliopangiwa. Katika kundi moja, madaktari walibadilisha glovu na kutumia vifaa vingine safi kabla ya kushona ukuta wa tumbo. Maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 16.0 katika kundi hilo, na asilimia 18.9 katika kundi lililofuata utaratibu wa kawaida.

Aidha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 unaelekeza kuwa, pale dawa ya kuzuia maambukizi inapohitajika, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua. Unakataza pia kunyoa nywele kwa wembe, kwani wembe huacha michubuko inayokaribisha vijidudu.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, la kwanza ni kutochelewa. Maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, hasa yakiambatana na homa, kutapika au tumbo kuwa gumu, yanahitaji hospitali, si dawa za kutuliza maumivu nyumbani.

La pili ni kukiangalia kidonda baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kwa kuwa maambukizi yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji. Homa, usaha, harufu mbaya, kidonda kufumuka, au wekundu na maumivu yanayozidi ni dalili za kurejea hospitalini siku hiyo hiyo.