Jina Lililo Kitakoni

Ukishika fimbo ya biliadi iliyotengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia iliyopita, macho yanakimbilia kitakoni, kwenye kibao kidogo chenye jina la bingwa. W. J. Peall alifunga pointi 3304 kwa mkupuo mmoja mwaka 1890, na fimbo zenye jina lake na tarakimu hiyo zikauzwa kwa watu wa kawaida. Wakusanyaji wa leo wanakipenda sana kibao hicho. Mimi nina ubishi nacho. Peall hakucheza na fimbo hiyo. Waliocheza nayo wamo kwenye mti wenyewe, na huo mti ndio tunaoukwangua bila kufikiri mara mbili.

Mwili wa fimbo ya snuka mara nyingi ni mti wa ashi. Nyuzi zake ni pana, na zikichongwa hutoa michoro kama vichwa vya mishale. Mchezaji huzungusha fimbo mpaka mishale ikae juu, ndipo alenge. Kitako ni eboni, mweusi na mzito. (Siyo mpingo wetu, ingawa Wazungu wamezoea kuichanganya miti hii miwili. Mpingo ni wa ukoo wa kunde, amini usiamini.)

Sasa, mti huu unaweza kulindwa kwa vanishi au kwa mafuta ya mbegu za kitani. Vanishi hukaa juu kama kioo. Inang'aa, lakini mkono ukitoa jasho inanata, na fimbo inayonata haiteleзi vidoleni. Mafuta huingia kwenye vinyweleo vya mti, yakakutana na hewa, yakagandia humo humo. Kwa miaka, mafuta, chaki na jasho hutoa rangi ya asali iliyoiva, nzito zaidi pale mkono uliposhika. Rangi hiyo haipatikani dukani.

Na nani aliipaka? Snuka ilibuniwa Jabalpur, India, mwaka 1875, mesini kwa maofisa wa jeshi la Uingereza, na sifa anapewa Neville Chamberlain, ofisa kijana (siyo yule waziri mkuu). Lakini katika klabu za India ya kikoloni kulikuwa na mtumishi wa chumba cha biliadi, Mhindi, aliyehesabu pointi, akapiga brashi kitambaa cha meza, akatunza fimbo, na mwanachama akikosa mwenzake, akacheza naye. Mtu huyo alizijua fimbo kuliko wenyewe. Jina lake halikuandikwa kwenye kibao chochote.

Ndiyo maana nikiona tangazo la fimbo kuukuu "iliyorudishwa kama mpya" moyo unashtuka. Kama mpya maana yake imepigwa msasa. Msasa huondoa uchafu, sawa, ila huondoa na mti, na fimbo ya snuka nchani haina mti wa kuchezea: ina milimita tisa au kumi tu. Kila mmiliki akipiga "kidogo tu", baada ya vizazi vitatu fimbo imekonda, inapinda ikipiga, na imebaki kibao cha bingwa kikimeremeta juu ya mti usio na habari ya mtu yeyote.

Fundi mzuri huanza na kitambaa chenye unyevu, siyo maji ya kutiririka, kisha kikavu papo hapo. Vanishi iliyobanduka huitoa polepole, akiacha weusi wa mkono ulipo. Halafu matone machache ya mafuta, anasugua mpaka kiganja kipate moto, anafuta yote yaliyobaki juu, anaiacha siku nzima. Anarudia kwa siku kadhaa. Na vile vitambaa vya mafuta havirundikwi kapuni: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku. Huanikwa kimoja kimoja, nje.