Chumvi Iitwayo Haipo

Boti ya Kilindoni, kisiwani Mafia, ikiondoka Nyamisati hupita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, mpaka maji yabadilike rangi na bahari ifunguke. Nilikuwa nikiifuata njia kinyumenyume: mwaka 1915 Waingereza walitoka Mafia kuja huku.

Walikuwa wakiisaka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajichimbia mikokoni. Januari 1915 wakaitwaa Mafia, wakaleta ndege za majini kisiwa jirani cha Nyororo. Joto letu lilizitesa ndege zile hata gundi ikaachia. Hata hivyo, Aprili rubani John Cull alirudi na picha za manowari.

Hizo picha ndizo zilizonipandisha boti. Kamera ya enzi ile ilitumia kioo au filamu iliyopakwa chumvi za fedha. Zilizopigwa na mwanga hugeuka fedha nyeusi zikipitishwa kwenye dawa ya kwanza. Zilizobaki, ukizitoa nje, zitasawijika nazo, na picha imekwisha. Kinachoziondoa ni thiosalfeti ya sodiamu, fuwele angavu ambazo ukizikoroga majini chombo hupoa mkononi. John Herschel alieleza mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha. Mwaka 1839 ikaingia kwenye upigaji picha. Wapiga picha waliifupisha jina lake la zamani kuwa hypo, na likitamkwa ni haipo. Kwa Mswahili, jina gani lingeifaa zaidi? Kazi yake ni kuondoa kisichotakiwa pichani. Nasi husema kusafisha picha.

Tarehe 11 Julai 1915, Severn na Mersey, manowari za Waingereza za kina kifupi, ziliingia mtoni, Cull na mwenzake Arnold wakiwa angani wakielekeza mizinga. Ndege yao ilipigwa. Arnold akaendelea kutuma ishara huku wanaanguka. Kapteni wa Königsberg, Max Looff, akailipua meli yake. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Kilindoni nilionyeshwa picha ya harusi ya zamani, kingo zimeshakuwa manjano. Haipo isiposuuzwa vya kutosha hubaki karatasini, na salfa yake huila fedha polepole, miaka hata miaka. Kama unazo za babu na bibi kabatini, zitolee nakala mwezi huu.