Maharagwe Meusi Yaliyoponea Kwenye Udongo Mgonjwa

Kisian, karibu na Kisumu magharibi mwa Kenya, ni njia panda: barabara moja inaelekea Busia kupitia Maseno, nyingine inashika Bondo. Maharagwe hapo hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, na mengi huishia katika sufuria ya nyoyo, pamoja na mahindi.

Kwa miaka mingi mbegu zilizotawala Kenya zilitokana na mradi wa mikunde wa Thika, ulioanza miaka ya 1970. Alama zake, GLP (Grain Legume Project), zingali kwenye pakiti: GLP 2 ndiyo Rosecoco, GLP 1004 ni Mwezi Moja, GLP 585 ni Wairimu.

Miaka ya 1990, milima ya Vihiga iliyo juu ya Kisian ilikumbwa na kuoza kwa mizizi. Mashamba yalikuwa madogo, maharagwe yakipandwa palepale kila msimu, na vimelea kama Pythium vikazidi udongoni. Majani yaligeuka manjano. Ukiung'oa mche, mzizi ulikuwa wa kahawia, laini, umeoza.

Watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, huko Kakamega, wakishirikiana na CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, walijaribu mbegu kutoka nchi nyingine za ukanda huu. Aina ya KK 22 ilitoka Rwanda. KK 15 ilitoka Mulungu, mashariki mwa Kongo. Punje za KK 15 ni nyeusi, rangi ambayo wanunuzi waliozoea maharagwe mekundu hawakuipenda. Wakulima waliipanda hata hivyo, kwa kuwa ilizaa pale Rosecoco ilipokufa.

Lakini mbegu pekee haikuumaliza ugonjwa. Hadi leo mkulima anashauriwa kutia samadi na kubadilisha mazao shambani.