Tarikh ya Kilwa na diski yangu

Wadau, nipo Pande, Kilwa, na laptopu inanitoa jasho. Diski yake, SSD, ikipata joto inatoweka, ikipoa inarudi. Nimepoteza saa nzima kuichomoa na kuichomeka (ujinga wangu), badala ya kunakili kwanza sauti za wazee nilizorekodi.

Na hapa ni Kilwa! Tarikh ya masultani wake iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 16. Maandishi ya asili yamepotea. Tunayo kwa sababu ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, nakala hiyo ipo London, na João de Barros alishachapisha masimulizi yanayoshabihiana nayo kwa Kireno mwaka 1552.

Usiku diski ilipopoa nikahamishia faili mojamoja kwenye flashi. Sauti za wazee wanne zimepona. Ya mzee wa tano imekatikia katikati.