Anuwaijeni, si "Utofauti wa Kijenetiki"

Miongoni mwa istilahi za biolojia zilizoenea katika maandishi ya Kiswahili bila kupimwa, hakuna iliyovuruga mambo kimyakimya kuliko "utofauti wa kijenetiki", ambayo hutumika kutaja wingi wa sura za jeni zilizomo ndani ya kundi moja la viumbe wa spishi moja, na papo hapo hutumika kutaja umbali uliopo baina ya jeni za kundi hilo na zile za kundi jingine. Mambo hayo mawili si mamoja wala hayaendi sambamba, na yako mazingira ambamo moja hupungua kadiri jingine linavyoongezeka. Mimea ya vilele vya Afrika Mashariki na Ethiopia ni mfano ulio wazi wa hali hiyo, kiasi kwamba anayejaribu kuieleza kwa istilahi hiyo hujikuta ameandika, katika sentensi moja, kwamba utofauti wake ni mdogo na kwamba utofauti wake ni mkubwa, na msomaji akikifunga kitabu hapo hana kosa.

Mimea inayozungumziwa huota katika ukanda wa alpi, yaani sehemu ya mlima iliyo juu ya mpaka wa msitu, ambako Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Aberdare, Elgon, Ruwenzori, Virunga na milima ya Ethiopia hukutana kwa tabia moja: usiku jalidi huganda, mchana jua huunguza, na mzunguko huo hujirudia karibu mwaka mzima. Senesio kubwa ya Kilimanjaro, ambayo wataalamu huiita Dendrosenecio kilimanjari, haiyadondoshi majani yake yaliyokufa bali huyaacha yakiwa yamelivika shina mithili ya blanketi, na majani yake mabichi hujikunja usiku kulifunika chipukizi lisigande. Lobelia deckenii, jirani yake, huhifadhi maji katikati ya duara la majani yake. Mimea ya namna hiyo hukutwa pia katika milima mingine iliyotengwa na nchi tambarare zenye joto, ambako haiwezi kuishi. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeizuru milima hiyo mwaka 1948 na kuchapisha mapitio yake makuu ya mimea ya ukanda huo mwaka 1957, aliitazama kama visiwa, na mtazamo huo umedumu, ingawa uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba historia ya visiwa hivyo ni changa na yenye misukosuko mingi kuliko alivyodhani.

Uchunguzi wa Eric Knox na Jeffrey Palmer, uliochapishwa mwaka 1995 na kuhusisha DNA ya kloroplasti katika spishi zote 11 za senesio kubwa walizozitambua, ulionyesha kwamba spishi hizo zimetawanyika karibuni kwa kipimo cha umri wa milima. Mmea mdogo wa maua meupe uitwao Arabis alpina, ambao asili yake ni Asia Ndogo, umeonekana kuingia katika milima ya Afrika zaidi ya mara moja. Christian Brochmann na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2022, walikusanya ushahidi wa aina hiyo na kuhitimisha kwamba mimea mingi ya ukanda huo ina wazee wake katika nchi za mbali zenye majira ya baridi, hasa Ulaya na Asia, na kwamba mbegu chache mno ndizo zilizofanikiwa kuvuka. Katika kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, takribani miaka 20,000 iliyopita, mpaka wa msitu ulishuka kwa kiasi cha mita 1,000 na ukanda wa alpi ukawa mkubwa mara 8 hivi kuliko ulivyo sasa. Joto liliporudi, ukanda ukasinyaa tena, na mimea ikabaki makundi madogo madogo juu ya vilele.

Hapa ndipo istilahi mbovu inapoumbuka. Jeni moja huweza kuwa na sura kadhaa, ziitwazo aleli, na kundi linapoanzishwa na mbegu chache, au linapopunguzwa na ukame, moto au barafu hadi kubaki na mimea michache, aleli nyingi hupotea kwa bahati tu, si kwa ubovu wake. Kwa kuwa bahati haina mpango, aleli inayopotea Meru siyo lazima iwe ile inayopotea Elgon, na kwa hiyo sababu ileile inayofukarisha kila mlima ndiyo inayoitenganisha milima yenyewe. Ndani ya kundi moja utajiri wa jeni ni mdogo, kwa kiwango ambacho Brochmann na wenzake wanakiona cha kutisha; baina ya mlima na mlima, nasaba za mmea uleule mara nyingi zimeachana. Lugha inayotaka kusema jambo hilo inahitaji maneno mawili, na Kiswahili kinayo tangu zamani.

Neno "tofauti" limetoka katika Kiarabu tafawut, lenye mzizi f-w-t, ambao maana yake ya msingi ni kupita au kuponyoka, na limeundwa katika umbo la kitenzi ambalo Waarabu hulitumia hasa kuonyesha tendo la pande mbili zinazotendeana. Kwa asili yake, basi, tofauti ni hali ya vitu viwili au zaidi vinavyopishana, na kitu kimoja peke yake hakina tofauti. Kiswahili kimeutunza msingi huo kwa uaminifu, kwani mzungumzaji husema "tofauti baina ya hiki na kile", "hiki ni tofauti na kile", na hata kitenzi chake hupenda kuvaa kiambishi cha kutendana: kutofautiana. Anayesema "utofauti wa mmea huu" bila kutaja wa pili wake ameiacha sentensi nusu, na kiambishi u- kilichobandikwa mbele ya nomino ambayo tayari ni nomino kamili hakiongezi chochote isipokuwa sura ya usomi.

"Anuwai" nalo limetoka katika Kiarabu anwa', wingi wa naw', yaani aina. Kwa hiyo linabeba wingi ndani yake, na wingi huo ni wa aina zilizokusanyika mahali pamoja, si wa pande zinazokabiliana. Kwa sababu hiyohiyo "anuwai mbalimbali", ambayo husikika hata kwenye hotuba za wakubwa, ni kurudia jambo mara mbili, na "uanuwai", ambao baadhi ya kamati zimeukumbatia kwa shauku isiyoelezeka, ni nguo juu ya nguo. Neno hili limeshazoeleka kwa Waswahili kupitia "bioanuwai", ambayo Kenya wengi huiandika "bayoanuwai", na hakuna sababu ya kulikimbia linapofika zamu ya jeni.

Kilichobaki ni upande wa pili wa istilahi, na hapo kosa ni baya zaidi. Jina la jeni lilibuniwa na Mdenmarki Wilhelm Johannsen mwaka 1909, ilhali jina la jenetiki, ambayo ni taaluma ya urithi, lilikuwa limetangulia kutoka kwa Mwingereza William Bateson mwaka 1905. Utajiri unaozungumziwa ni wa jeni, zilizomo katika chembe za mmea, si wa taaluma iliyomo katika vyuo. "Utofauti wa kijenetiki" kwa hiyo ni tofauti ya kitaaluma, kana kwamba lobelia za Elgon na za Aberdare zimesomeshwa na walimu wasioelewana.

Istilahi inayostahili ni "anuwaijeni". Wapo waliopendekeza "jenianuwai" kwa kuiga mpangilio wa "bioanuwai", lakini mpangilio huo ni wa Kigiriki, unaotanguliza kivumishi, na uliingia kwa kuwa neno hilo liliundwa kwa kufuata neno la nje. Kiswahili kinapounganisha majina yake chenyewe hutanguliza kichwa: mbwamwitu, batamzinga, garimoshi, isimujamii. Hakuna aliyewahi kupanda moshigari. Kikao kimoja ambacho si lazima kitajwe kiliikataa "anuwaijeni" kwa hoja kwamba ni nzito ulimini, hoja ya ajabu kutoka kwa watu walioidhinisha "utofauti wa kijenetiki" yenye silabi kumi na moja, huku anuwaijeni ikiwa na sita tu.

Wanaoandika historia ya mimea hii wanapaswa pia kuacha kuiita "historia ya mageuzi". Mageuzi yanatokana na kugeuza, na anayegeuza yupo, ndiyo maana neno hilo likakaa vizuri katika siasa za Tanzania zilipoingia vyama vingi mwaka 1992. Senesio haikugeuzwa na mtu, imegeuka, na jina la kugeuka ni mageuko. Kuhusu kipindi ambacho kundi hupungua mno kisha likaongezeka likiwa limepoteza aleli zake, tafsiri ya neno kwa neno inayosema "shingo ya chupa" haimwambii chochote msomaji ambaye hajasoma neno la awali. "Ufinyu wa kizazi" hutosha, kwa kuwa kufinya ndiko kunakotokea.

Kwa matumizi: anuwaijeni huandikwa neno moja, huingia ngeli ya I-ZI, na hutajwa pamoja na kundi lake, kama vile "anuwaijeni ya senesio za Meru ni ndogo", ilhali "tofauti za kijeni" hubakizwa kwa ajili ya kulinganisha makundi, kama vile "tofauti za kijeni baina ya senesio za Meru na za Elgon".

Jambo hili lina uzito kwa wanaotunza milima hiyo, kwa sababu kundi lenye anuwaijeni ndogo lina akiba ndogo ya kukabili joto linalopanda na moto unaoteketeza nyasi za juu, na kundi lililo tofauti na mengine haliwezi kufidiwa kwa mbegu za mlima mwingine bila kupoteza kile kilicholifanya kuwa la pekee. Mhifadhi akiambiwa tu kwamba "utofauti" ni mkubwa, atadhani mimea yake iko salama. Wahariri wa vitabu, wafasiri wa ripoti za hifadhi na watayarishaji wa vipindi vya redio wanaombwa waanze kuitumia anuwaijeni katika toleo lijalo la kazi zao, bila kungoja kikao kingine.